Breki za Gari la Mkunga

Tusimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: Fundi Pima alikuwa mwoga. Wapo wanaume wanaoogopa kimya kimya, wakijifanya wanakagua mawingu, lakini yeye akiogopa mtaa mzima ulipata habari. Aliogopa ngazi, nyaya za umeme, mbwa waliosimama na mbwa waliolala. Hata ushonaji, kazi iliyomlisha tangu ujana, aliufanya roho mkononi. Mteja wa suruali alipimwa kiuno, akapimwa tena, na akirudi kuulizia suruali yake alipimwa upya kabla salamu haijaitikiwa. "Huenda umenenepa," Fundi angesema, utepe ukiwa shingoni, macho yakiwa kiunoni kwa mtu. Ndiyo maana wakamwita Pima, na jina alilopewa alipozaliwa likabaki kwenye vyeti tu. Ila tumpe haki yake: nguo zake zilikaa. Hakuna aliyewahi kumrudishia suruali kwa kubana wala kwa kupwaya.

Mwoga huyo alioa mkunga, mwanamke mwenye mikono mipana na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alifanya kazi kwenye zahanati iliyokuwa chini, ng'ambo ya barabara kuu, lakini simu yake haikujua zamu. Mwanamke yeyote wa mitaa ile akishikwa na uchungu, Mkunga ndiye aliyepigiwa kwanza, kwa sababu alikuwa na gari na hakujua kusema nimechoka. Gari lenyewe lilikuwa dogo, kuukuu, la rangi ambayo zamani ilikuwa bluu. Mtu wa tatu katika nyumba hiyo alikuwa mama yake Mkunga, bibi mwembamba aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, ambaye hakuogopa kitu chochote chini ya jua na hakuelewa kwa nini mkwewe anaviogopa vyote.

Nyumba yao ilikaa juu kabisa, mahali barabara inapoanzia. Kutoka getini ni tambarare fupi, kisha barabara inajimwaga: inateremka moja kwa moja, inapinda mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa, halafu inateremka tena mpaka barabara kuu, ambako malori hupita bila kumwangalia mtu usoni. Mkunga aliuteremka mteremko ule kila siku, mara nyingine na mgonjwa anayepiga mayowe kiti cha nyuma. Fundi Pima alikuwa na leseni na kuendesha alijua, lakini hapo alishuka kwa miguu, tena pembeni kabisa, akishika nyua za watu.

Jioni moja Mkunga alirudi na gari linanuka. Ilikuwa harufu ya kitu kilichoungua, kali, inayokaa puani. Aliegesha, akashuka, akaanza kucheka.

"Leo pedali imenichezea, Fundi," alisema. "Nimekanyaga pale kwenye kona, haipo. Nimekanyaga tena, ikaja. Yule mama nyuma akasahau uchungu wake wote, akaanza kusali."

Akacheka mpaka akaegemea boneti. Fundi Pima hakucheka. Chakula kiliwekwa mezani, kikapoa mbele yake. Alikuwa anaiona ile kona, anayaona malori, anamwona mkewe anakanyaga na pedali haipo. Aliona hivyo kesho yake akiwa kwenye cherehani, akashona mfuko wa suruali ukafungwa juu, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Walimpelekea gari fundi wa gereji. Yule bwana akalizunguka, akapiga teke tairi, akalijaribu kwenye uwanja wa gereji uliokuwa sawa kama meza. "Breki nzima hizi, mzee," alisema. "Gari dogo, mlima mkubwa, basi. Breki zikipata moto zinachoka. Mwambie mama apunguze mwendo."

Fundi Pima alimfikishia mkewe ujumbe kama ulivyo.

"Na mtoto akitaka kutoka," Mkunga akauliza, "nimwambie naye apunguze mwendo?"

Hapo ndipo Fundi Pima alipokata shauri. Alikuwa amekwisha kuona kwenye simu yake, kwenye zile video ambazo mzungumzaji ana mikono myeusi na haonekani uso, kwamba gari la aina ile ile, toleo lenye injini kubwa, lina breki kubwa zaidi za mbele. Diski pana zaidi, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na kalipa kubwa zaidi, yaani ule mkono wa chuma unaoikumbatia diski na kuibana gari lisimame. Zinaingia bila kukata wala kuchomelea kitu. Mtu mwenye jeki, spana na subira anaweza kuzifunga nyumbani. Jeki aliazima, spana alikuwa nazo, na subira ndiyo kitu pekee ambacho Fundi Pima hakuwahi kuazima kwa mtu.

Usiulize kwa nini mwoga kama yeye akathubutu. Alithubutu kwa sababu aliogopa zaidi kumwachia mtu mwingine. Kama kuna kitu kitamuua mke wangu, alijisemea, kisiwe kitu ambacho mimi sikukiangalia kwa macho yangu.

Kwenye yadi ya magari chakavu alilipata gari alilolitaka. Lilikuwa limelala juu ya paa lake, magurudumu yakitazama mbingu, na mwenye yadi hakuwa na haja ya kuligeuza. Fundi Pima akafungua kalipa za pande zote mbili, taratibu, akipuliza kutu. Kabla hajaziweka kwenye mfuko akataka kuzitia alama, kwa chaki yake ya kushonea, asije akazichanganya. Akasimama. Kushoto kwa gari lililopinduka ni wapi? Akainama mpaka kichwa kikakaribia ardhi, akajipachika kwa mawazo kwenye kiti cha dereva, akanyoosha mkono wa kushoto. Mwenye yadi akamwuliza kama anaumwa tumbo. Alipohakikisha, akachora mstari mmoja kwenye kalipa ya kushoto na msalaba kwenye ya kulia. Alikuwa amepatia. Nakuambia mapema ili usije ukamwonea: pale yadi, kichwa chini, miguu juu, Fundi Pima alikuwa amepatia kabisa.

Woga ulimfuata nyumbani. Alizisafisha kalipa zile kwa brashi mpaka zikang'aa, akazipanga juu ya meza yake ya kukatia, kwenye kitambaa kikuukuu, kama mikono miwili ya koti. Alipozitazama zimelala hivyo, moyo ukamwenda mbio. Lakini lile gari si lilikuwa limepinduka? Kila fundi wa nguo aliyewahi kukata koti anaujua mtego huu: nguo hukatwa na kushonwa ikiwa imegeuzwa ndani nje, na ukiigeuza, mkono wa kushoto unakuwa wa kulia. Fundi Pima mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, aliwahi kumkabidhi mteja koti lenye mikono miwili ya kushoto, na mteja alilivaa mbele ya watu. Tangu siku hiyo alijifunza kuwa kitu kikigeuka, pande zake hugeuka. Akasahau kwamba kule yadi hesabu hiyo aliifanya tayari.

Akafuta mstari, akafuta msalaba, akachora upya kinyume. Kisha akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Jumapili Mkunga alikwenda zamu kwa miguu, na gari likabaki. Fundi Pima aliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Akaongeza mengine. Akaliinua kwa jeki, akaweka stendi za chuma chini, akalitikisa gari kwa bega lake lote kuona kama litamwangukia sasa au litasubiri aingie. Halikuanguka. Alipoingiza mikono yake ndani ya tao la gurudumu, kijasho chembamba kilimtoka, na kila mlango uliojipigiza mtaani ulimfanya aitoe mikono haraka.

Nati za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu. Alizipiga mafuta, akazisubiri, akazibembeleza. Diski mpya ikaingia kwenye kitovu chake kama kifungo kwenye tundu. Pedi, vile vibapa vinavyoisugua diski, zikakaa. Kalipa yenye mstari akaifunga kushoto, yenye msalaba akaifunga kulia, bolti zikaingia zote bila kinyongo, na hilo ndilo baya lake: hata kitu kilichokaa upande usio wake hukubali kufungwa. Akaunganisha mipira ya mafuta ya breki. Kazi iliyobaki ilikuwa kutoa upepo, maana mpira ukifunguliwa hewa huingia, na hewa ikibaki ndani ya breki mguu unakanyaga hewa badala ya kusukuma mafuta. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kushikilia, mwingine anafungua skrubu ndogo kwenye kalipa ili hewa itoke pamoja na mafuta.

Mtu wa pili alikuwa mama mkwe.

Aliingia kwenye kiti cha dereva kwa mbwembwe, akakamata usukani kwa mikono miwili kama anapigwa picha.

"Mama, nikisema kanyaga, kanyaga ushikilie," Fundi Pima alisema kutoka chini. "Usiachie mpaka niseme achia. Ukiachia kabla, hewa inarudi."

"Mwanangu, mimi nimelea watoto na wajukuu. Pedali itanishinda?"

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Umeshikilia?"

"Nimeshikilia. Viatu nivue?"

"Usivue, mama! Usiguse kitu! Achia. Kanyaga tena."

Waliendelea hivyo mpaka bibi akaanza kuifanya kazi kwa wimbo. Mafuta yalipita kwenye kibomba cheupe kuingia kwenye chupa, safi, bila povu. Fundi Pima aliyatazama macho kodo. Hakuona hata kipovu kimoja upande wa kushoto, wala upande wa kulia. Akafurahi, kisha akaogopa kwa nini amefurahi.

Alipopanda mwenyewe akakanyaga, pedali ilikuwa ngumu. Akawasha injini. Pedali ikazama kidogo chini ya mguu wake, laini, kama aliyekanyaga mto wa kulalia. Alikumbuka yule wa kwenye video alisema pedi mpya zinataka kuzoeana na diski, mwanzoni breki si kali. Alitaka sana kumwamini. Akazima gari, akalifunga, akatia ufunguo mfukoni mwa suruali yake ya kazi.

"Mama, asiliguse mtu gari hili," alisema. "Kesho asubuhi nitalijaribu hapa hapa juu, kwenye tambarare, barabara ikiwa tupu. Sijaziamini."

"Haya, mwanangu," bibi akajibu, akapangusa mikono.

Ninajua bibi alisikia, maana masikio yake yalikuwa mazima. Lakini aliisikia sauti ile ile iliyomkataza kupanda kwenye kigoda, iliyomkataza kuchomeka pasi kwa mkono wenye unyevu, iliyomkataza kumpa mbwa wa jirani mfupa. Fundi Pima alikuwa ameonya watu juu ya kila kitu kwa miaka mingi, basi onyo lake lilipokuja kuwa la kweli halikuwa na uzito wowote. Akavua suruali ya kazi, akaitundika msumarini, akaenda kuoga. Mafuta ya breki yalikuwa yamemwingia mpaka kwenye nywele.

Povu lilikuwa limemjaa masikioni aliposikia sauti ya Mkunga uani, haraka haraka, akizungumza na simu. Kisha sauti ya bibi, ya kujisifu: "Breki tumeshatengeneza. Mimi na mumeo. Ufunguo si huo hapo msumarini? Twende na mimi, ukaone kazi ya mama yako." Kisha mlango wa gari. Kisha mlango wa pili.

Injini ikawaka.

Fundi Pima alipiga ukelele ambao hakujua anao. Alitoka bafuni, akarudi kuchukua taulo, akatoka tena, akateleza, akaamka. Alipofika getini, gari lilikuwa limekwisha kuvuka tambarare. Aliona taa nyekundu za nyuma zikiwaka: mkewe amekanyaga. Gari likapungua mwendo kidogo, likaingia kwenye mteremko. Zikawaka tena. Safari hii gari halikupungua.

Alikimbia. Mtu ambaye alishuka pale akishika nyua za watu alikimbia katikati ya barabara, miguu peku, mkono mmoja umeshika taulo, sabuni inamwingia machoni. Taa za nyuma ziliwaka, zikazima, zikawaka, zikazima, haraka, na alijua maana yake. Mguu wa mkewe ulikuwa unatafuta breki aliyoifunga yeye, na haukuipata. Aliita jina lake. Aliita jina la Mungu. Akaita jina la mama mkwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alisikia injini ikilia kwa gia ya chini, akasikia handibreki ikivutwa na magurudumu ya nyuma yakikwaruza, kisha gari likapinda, likapotea nyuma ya nyumba inayojengwa, na pakatokea kishindo kizito, cha kufunikwa.

Kisha kimya. Katika kimya kile Fundi Pima aliacha kukimbia. Alitembea hatua zilizobaki kama mtu anayepelekwa, akijua kwamba akivuka ule ukuta atakuwa mjane au hatakuwa, na hakutaka kuvuka, na akavuka.

Gari lilikuwa limezama mpaka kwenye boneti katika lundo la mchanga wa waashi. Bibi alikuwa amesimama pembeni na kiatu kimoja. Mkunga alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea mlango, mzima, anacheka. Alicheka kwa sauti yake yote, mabega yanatetemeka, machozi yanamtoka.

Fundi Pima alisimama mbele yake na taulo lake na povu lake. Alidhani anachekwa, na aliona ni haki yake.

Bibi akamvuta kando. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Usidhani anakucheka wewe," alimwambia. "Huyu akiogopa hucheka. Tangu mtoto. Siku baba yake alipoanguka kutoka kwenye paa, alicheka mpaka akatapika. Kule barabarani, pedali ilipozama, ndiyo alianza. Wewe umeishi naye miaka yote hii, hujui?"

Hakujua. Alisimama pale akizipitia moyoni jioni zote ambazo mkewe aliingia nyumbani anacheka: siku ya yule mama aliyevuja damu njia nzima, siku ya mafuriko, ile jioni ya harufu ya kuungua. Alikuwa amemwonea wivu kwa kicheko kile. Alikuwa amejisemea, angalau mmoja wetu haogopi.

Mkunga akajipangusa uso, akasimama kwa kushika mlango. Akafungua mlango wa nyuma, akachukua mkoba wake wa kazi.

"Kuna mtu ananisubiri," alisema, bila kumtazama mumewe. Akaanza kuteremka kwa miguu. Miguu yake haikuwa imara, lakini haikusimama.

Majirani walilichimbua gari na kulivuta kwa kamba mpaka nyumbani, wakati Fundi Pima mwenyewe anasukuma nyuma akiwa amejifunga kitambaa cha kiti. Wengine walicheka waziwazi. Hakuwasikia. Alipobaki peke yake akalala chini, akatazama kazi yake kutoka upande ambao hakuwahi kuitazama. Skrubu ya kutolea upepo ilikuwa chini ya kalipa. Kwenye video zote ilikuwa juu. Akaenda upande wa pili: chini vilevile. Basi hewa, ambayo hata kwenye chupa ya maji hupanda juu, ilikuwa imekaa juu ya kalipa imetulia, na wao walikuwa wanakamua mafuta safi kutoka chini na kufurahia. Kalipa ya kushoto ilikuwa kulia, na ya kulia kushoto. Chini ya msalaba wa chaki, palipofutwa, bado palionekana kwa mbali ule mstari wa kwanza.

Fundi Pima alilia pale pale chini ya gari. Fundi mbovu husamehewa kwa kuwa hakujua. Yeye alijua, akapatia, kisha woga ukamshika mkono ukamwambia futa.

Mkunga alirudi asubuhi, vumbi mpaka magotini. Mtoto alikuwa amezaliwa salama, wa kike. Mumewe alikuwa anamsubiri kibarazani na alikuwa amepanga maneno, ya vyuma chakavu na ya pedi mpya, lakini alipomwona yote yakamtoka, akasema ukweli kama ulivyo.

"Kwa hiyo ulikuwa umepatia," Mkunga alisema.

"Nilikuwa nimepatia."

"Ukageuza."

"Nikageuza."

Mkunga akaingia ndani, akalala. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Siku zilizofuata alishuka kazini kwa miguu na kupanda kwa miguu, na wagonjwa wa juu walibebwa na nani alijua mwenyewe. Hakulitaja gari hata mara moja.

Fundi Pima alibadilisha kalipa. Safari hii bibi alipokanyaga, mapovu yalitoka kwenye kibomba kama sufuria inayochemka, yakatoka, yakatoka, na bibi hakuimba. Pedali ikawa ngumu, ikabaki ngumu na injini inaunguruma. Aliijaribu kwenye tambarare mpaka majirani wakachoka kuchungulia. Kisha siku moja mchana, bila kumwambia mtu, aliwasha gari akalielekeza kwenye mteremko ambao hajawahi kuuteremka kwa gari maisha yake yote. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba alihisi usukani ndio unaotetemeka. Alikanyaga, gari likasimama. Akaachia, likaenda, akakanyaga, likasimama. Kwenye kona aliliachia lipate kasi makusudi, akiwa amefumba jicho moja, akakanyaga kwa nguvu zake zote, na gari likasimama kwa heshima, kichwa chake kikaenda mbele kikarudi. Alifika barabara kuu. Lori likapita mbele ya boneti. Akageuza, akapanda, akateremka tena, na tena, mpaka breki zikapata moto, na zilipopata moto bado zilishika.

Ungedhani alirudi nyumbani akatangaza. Hakutangaza. Kila jioni Mkunga alipopita karibu na gari, yeye alikuwa chini yake na spana, anakaza kilichokazwa. Akiulizwa na bibi alisema bado kidogo. Alizijua breki zile kuliko alivyokijua kiuno cha mteja yeyote, na bado aliogopa, kwa sababu safari ile nyingine pia kuna wakati alikuwa na hakika.

Halafu simu ikaita wakati wa chakula cha jioni. Mkunga alisikiliza, akauliza swali moja, akasimama na kijiko bado mkononi. Mwanamke wa nyumba za nyuma, mimba ya mapacha, mmoja ametanguliza mguu. Ilibidi afikishwe zahanati kule chini, na hapakuwa na muda wa kutembea. Alivaa viatu, akachukua mkoba, akatoka mpaka kwenye gari, na Fundi Pima akamfuata na ufunguo ngumini, na bibi akasimama mlangoni.

Mkunga hakunyoosha mkono kuuchukua. Aliweka mkoba juu ya boneti, akamtazama mumewe. Hakuwa anacheka.

"Fundi," alisema. "Zinashika?"

Siku ile ya kwanza hakumwuliza. Alichukua ufunguo msumarini akaondoka, kwa sababu neno la Pima juu ya hatari lilikuwa kelele ya kila siku. Sasa alikuwa amesimama, na mtu anamsubiri, na hakuondoka. Majibu yote aliyozoea yalimjia Fundi Pima mdomoni: nadhani, huenda, ngoja niangalie tena. Ngoja niangalie tena ndiyo iliyofika mpaka kwenye ulimi. Alimwona mkewe anaisubiri, na aliona kwamba akiisema, mkewe ataubeba mkoba wake, atatembea, na pengine mtoto mmoja hatafika.

"Zinashika," alisema.

Hakuwahi kusema neno la kutisha kama hilo. Akafungua ngumi. Mkunga akachukua ufunguo, na Fundi Pima alimwona usoni kwamba amemwamini, amemwamini kabisa, kisha akaingia kwenye gari na kuliwasha.